Nani Aliwafyekea Hapa?

Tereza, nakuandikia kabla giza halijaingia.

Ile kambi ya wikiendi na Florian na wenzake. Jana tulipanda milima, leo tumevushwa kwa mtumbwi mpaka kisiwa kidogo ziwani, mbele ya kijiji cha Murangi. Nyasi fupi, safi, kama uwanja wa shule!

Mama mwenye mtumbwi ametazama mahema yetu, akauliza, "Nani aliwafyekea hapa?"

Florian akasema, "Tumekuta hivihivi, mama."

"Basi ni viboko. Wanakulaga hapa kila usiku."

KILA USIKU, Tereza!

Wakacheka. Mama akanishika mkono: "Binti, panda twende."

Florian: "Mwalimu mzima anaogopa ng'ombe wa maji!"

Nikaona aibu. Nikasema nabaki.

Mtumbwi uko mbali na jua linazama. Nimemwita, kwa sauti yangu hii ndogo unayoijua. Hajageuka.