Nati ya Chini

Jumatano, 3 Agosti 1994

Doa la oili tena chini ya gari. Asubuhi hii lilikuwa kubwa kama sahani. Mke wangu Benta alilikanyaga akienda kuanika nguo. Alisimama mbele ya dirisha langu akainua mguu, nikaona unyayo mweusi.

Zadock, kifungua mimba wetu, amepata ruhusa kazini. Atakuja kutoka Nakuru atuendeshe hadi Pap Onditi, kwetu, tukaanzishe boma. Shoka amekwisha nunua. Jogoo tunaye, amefungiwa jikoni na anawika ovyo. Limebaki gari.

Mpwa wa Benta alitoa pikapu yake. Nilikataa. Nilisema mbele ya watu kwamba mwanamume haendi kuanzisha boma lake kwa gari la kuazima. Wote walikubali. Nimefundisha miaka mingi mno. Nikisema jambo, watu hudhani nimelifikiria.

Mistari ya mwandiko wangu inapanda kama njia ya Maseno.

Jumamosi, 6 Agosti

Wasike amekuja, fundi wetu, Mbukusu mwenye gereji ya uwanjani nyuma ya kinu cha kusaga pale mtaani Kondele. Aliosha injini kwa mafuta ya taa, akaipangusa ikakauka, kisha akamwomba Benta unga kidogo.

"Kumbe injini nayo inakula?" Benta akauliza.

"Hii inakula, mama, na inatapika. Nataka nione inatapikia wapi."

Akanyunyiza unga injini yote, ikawa kama mandazi kabla ya kuchomwa. Akawasha. Tukasubiri. Unga ukaanza kulowa juu, ubavuni mwa mfuniko wa valvu. Gaskiti ya zamani ilikuwa imekauka, ikavunjika mkononi mwake kama biskuti. Akakata mpya, akaifunga, akaosha kila kitu. Jioni chini palikuwa pakavu kabisa.

Benta aliimba akipika. Samaki alikuwa mtamu, nasikia. Mimi sikuweza kula.

Jumatatu, 8 Agosti

Doa limerudi. Wasike ameitwa. Alilitazama kwa muda mrefu, akalala chini, akaamka na mgongo mzima wa vumbi. Anasema mafuta yamesambaa tumboni mwa injini, haoni vizuri yanakotoka, labda ni sili ya nyuma, ile raba ya kuzuia oili. Giaboksi itabidi ishuke.

Benta akatazama kalenda. Nikasema ishuke tu. Nikaingia ndani nikajilaza na viatu.

Alhamisi, 11 Agosti

Giaboksi imeshuka, imepanda. Sili ya nyuma ilikuwa nzima. Wasike ameibadilisha hata hivyo, na amesema kazi hii ni juu yake kwa sababu aliniambia gari limepona.

Mafundi wenzake walikuja kumsaidia kunyanyua. Walimcheka hadi machozi. "Wasike, hii mtoto ya Mwalimu utaitoa nepi lini?" Akacheka nao. Kisha nikamwona peke yake ukutani, anafuta mikono kwa kitambaa, anafuta, anafuta, na mikono ilishakuwa safi kitambo.

Jumapili, 14 Agosti

Benta yuko kanisani. Niandike sasa. Naandika Kiswahili, naye husoma Biblia ya Dholuo tu.

Ni mimi. Doa la kwanza lilikuwa la gari. Haya mengine ni yangu.

Magurudumu ya mbele yamepandishwa kwenye ukingo wa maua, kwa hiyo nikilala juu ya gunia mkono wangu unafika kwenye nati ya chini, ile ya kumwagia oili. Nina spana ya Zadock ya zamani na kipande cha bomba cha kurefusha mpini. Nikisukuma kwa uzito wa mwili, inalegea kidogo. Tone moja, halafu jingine. Nikisikia Wasike anakuja naikaza na kupangusa. Fundi haangalii nati aliyoikaza mwenyewe.

Na sababu ni hii. Sijawahi kuiandika popote.

Boma haliwi boma kwa nyumba peke yake. Mtu huenda na mkewe na mwanawe wa kwanza, na jogoo, na shoka, na moto. Nyumba husimama siku hiyohiyo. Na usiku wa kwanza mume na mke hulala humo kama mume na mke. Kila mzee anajua. Hilo ndilo linalofunga kazi yote. Mimi tangu mwaka jana si mume kwa namna hiyo. Ugonjwa wa ini umenila kote. Nikivaa suruali naifunga kwa kamba. Naogopa usiku ule kuliko ninavyoogopa kaburi. Naogopa kulala pale gizani, juu ya udongo mbichi, na Benta kimya kando yangu, boma limeharibika kwa sababu yangu, na asubuhi tutoke wote wawili tukiwa tunajua.

Nimesoma, nimesomesha. Niliwaambia wanafunzi kwamba mila ni kitu cha kuchunguza. Sasa inanichunguza yenyewe.

Daktari haongei tena habari za mwaka ujao. Nikifa hapa mjini nitazikwa katika boma la baba yangu, kama kijana. Na Benta? Mjane haanzishi boma. Atabaki kwenye uwanja wa mama mkwe, au atatafutiwa mwanamume wa kumwanzishia.

Wanatoka kanisani. Nasikia nyimbo.

Jumanne, 16 Agosti

Obiero amekuja kunijulia hali, mtoto wa baba yangu mdogo. Amenona. Alikaa kwenye kiti changu, akanywa chai vikombe viwili, akapiga teke gurudumu la gari.

"Mke wetu," akamwambia Benta, "usisumbuke na hili debe. Ndugu yangu akichoka, mimi nipo. Boma nitakuanzishia mimi, na jogoo wangu ni mkubwa."

Alicheka. Ni utani wa shemeji, unaruhusiwa. Benta alichukua kikombe cha Obiero kikiwa bado na chai, akaenda kukiosha.

Nilimtazama mgongo. Hakutikisika hata bega. Lakini kikombe kilioshwa muda mrefu.

Nitaikaza nati kabla hatujaondoka.

Ijumaa, 19 Agosti

Zadock amefika. Amenikumbatia kwa uangalifu, kama mtu anayebeba mayai. Ameongeza oili, amelipakia gari: shoka, kamba, misumari, mabati machache, sufuria ya kuchukulia makaa. Wazee wa Pap Onditi wameandaa miti na nyasi. Kesho.

Wasike alipita kuaga. Nilitaka kumwambia. Nikamwambia tu kwamba yeye ni fundi mzuri. Akasema, "Mwalimu, hii moja ilinishinda. Nitaikumbuka." Akaenda.

Jioni nikatoka na gunia. Bomba halipo! Zadock amelipakia chini ya mabati pamoja na vitu vya kujengea. Nikakaza kwa spana tupu, kwa kiganja, kadiri nilivyoweza. Nguvu ya kulegeza nilikuwa nayo; ya kukaza sina. Ningeweza kumwita mwanangu. Ningemwambia nini?

Jumamosi, 20 Agosti

Tumepita Katito. Tumesimama.

Taa nyekundu ya oili iliwaka hapa, kwenye mteremko. Zadock alizima injini haraka. Nyuma yetu kuna mstari mweusi barabarani, mwembamba, umenyooka. Alichungulia chini akasema kila mahali pamelowa, hajui ni wapi, lazima ni ile sili. Akampungia kijana wa baiskeli, wakarudi Katito kutafuta oili.

Jua limepita utosini. Nyumba lazima isimame leo. Wazee wameanza kuchimba mashimo, bila shaka. Jogoo yumo ndani ya katoni kwenye kiti cha nyuma, anakwaruza. Makaa ndani ya sufuria yamefunikwa majivu. Benta huyafunua kidogo, huyapuliza, huyafunika.

Kisha akaja mlangoni kwangu. Akainama, akapitisha mkono chini ya kiti changu, nilikoificha spana, akaitoa. Hakuitafuta. Alijua ilipo.

Akatandika leso yake barabarani akaingia chini ya gari. Nyanya wa wajukuu sita. Niliona nyayo zake tu, na vumbi. Nilisikia chuma kikigusana na chuma, akavuta pumzi, akakaza mara moja, mara ya pili. Akatoka na oili hadi kwenye kiwiko, palepale ninapochafuka mimi.

"Shati zako nafua mimi, baba Zadock," akasema.

Nikatazama mikono ya shati langu.

Ameketi ukingoni mwa mtaro. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Aliongea polepole, kama mtu aliyekwisha kulisema neno hilo peke yake mara nyingi. Ameniuliza kama ni kwa sababu yake. Kama baada ya miaka yote hii nimeona hastahili kuwekwa katika boma langu. Kama nataka Obiero amchukue. Amesema nimwambie tu, atamrudisha jogoo mjini, hatapiga kelele.

Wiki zote hizi. Kila asubuhi akiruka lile doa, hilo ndilo alilokuwa analisoma pale chini.

Nikatoa kalamu. Naandika, naye ananitazama nikiandika. Kule mbali naona baiskeli mbili, mwendeshaji mmoja amebeba kopo. Yaweza kuwa Zadock. Akifika, tutaongea habari za oili.

Benta amesimama. Anapangusa mkono kwa leso. Amefungua mlango wangu.

"Weka kalamu chini," anasema. "Niambie mimi."