Waliopakwa Zambarau

Jumatatu, 10 Januari 1994

Leo tena jiweni, kando ya ziwa. Mama Koku kachemsha mikasi kwenye jiko la mafuta ya taa, mimi nimechana bandeji. Bandeji zetu ni shuka kuukuu. Wagonjwa wengi. Wengine wananuka gongo asubuhi yote. Mmoja alitapikia kandambili zangu. Nikazisuuza ziwani. Mimi huwa sisemi kitu.

Kidonda cha mguu wa Kulwa kinapungua. Nilipoanza kukiosha, mwezi wa kumi na mbili, kilikuwa kipana kama kiganja changu na mfupa ulionekana. Sasa pembeni kuna nyama nyekundu. Mama Koku anasema nyama nyekundu ndiyo nyama hai. Amekuwa muuguzi maisha yake yote, mpaka walipompunguza kazini. Siku hizi hospitali unachangia kwanza ndipo utibiwe, na watu wanaolala kwenye mawe ya ziwani hawana cha kuchangia. Ndiyo maana tuko huku.

Nataka kidonda kile kifunge kabla matokeo ya kidato cha nne hayajatoka. Nimekiwekea nia.

Doto, pacha wake, ana utando mweupe mdomoni, hata uji unamuuma. Nampaka jivii kwenye ulimi na midomo. Ni dawa nzuri lakini ina rangi kali ya zambarau. Doto akajitazama kwenye kifuniko cha sufuria. "Dada Leah, leo nipelekeni kanisani. Nimeshapambwa."

Kulwa akamwambia, "Nani atakuoa na petroli hiyo unayovuta?"

Walicheka, wanaume wawili wazima. Zamani walikuwa wapagazi kwenye kiwanda cha pamba. Kiwanda kikafungwa, na wao wakabaki hapo hapo mjini.

Jumatano, 12 Januari

Jivii haitoki vidoleni. Nimesugua kwa sabuni, kwa limau, kwa majivu.

Jioni nilimmiminia baba mdogo maji ya kunawa. Akaitazama mikono yangu. "Mikono gani hii?"

Mama mdogo akanijibia. "Ya walevi wake wa mawe."

Akacheka, akanawa. Baba mdogo si mtu mbaya. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenitoa kijijini Usagara na kunisomesha. Mtaani ni kamanda wa sungusungu. Filimbi yake inaning'inia kwenye msumari, karibu na kalenda.

Jumamosi, 15 Januari

Mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapotia nanga, wameibiwa nyavu. Za watu wengi, na za baba mdogo zimo. Zilikuwa mpya, alikuwa anategemea kupata sangara wa kuuza viwandani. Mlinzi anasema hakumwona mwizi uso, ila mkono wake ulikuwa na rangi ya zambarau.

Mimi nadhani mlinzi alikuwa amelala.

Baba mdogo hakula. Alipiga meza mpaka bakuli la dagaa likaanguka.

Jumatatu, 17 Januari

Mgonjwa wetu mmoja amekuja sikio limechanika. Amepigwa sokoni. Walimuuliza, "Umepakwa wapi rangi hii?" Mwingine amejisugua kwa mchanga ili rangi itoke, kidonda kimefumuka chote, nyama inaning'inia.

Nikaelewa. Nilikaa nayo rohoni mpaka tulipomaliza, kisha nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, Mama Koku alinifanya nirudie. "Mama, dawa yetu inawatambulisha."

Aliinua chupa kuitazama. Akasema hana dawa nyingine, hii ndiyo aliyopewa kanisani. Asipopaka, wataoza.

Nimempaka Kulwa. Nimempaka Doto. Nilipaka kidogo. Haikusaidia, tone moja tu linaenea mdomo mzima.

Jumanne, 18 Januari

Wanaume wamekuja nyumbani. Wamekaa uani na baba mdogo, wakizungumza Kisukuma kwa sauti ya chini. Niliwapelekea chai. Nilisikia neno la kesho na neno la mawe. Filimbi haipo kwenye msumari.

Nilisema naenda kununua chumvi, nikakimbia hadi kwa Mama Koku. Nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, wale nao wana mama zao. Nitasimama mbele, nitawaambia." Hata hivyo tulikwenda mpaka kwenye mawe na kuwaonya wagonjwa. Wengine wakaondoka na maboksi yao. Kulwa hawezi kutembea mbali. Doto akasema, "Akibaki huyu, nami nimebaki."

Nimerudi bila chumvi. Hakuna aliyeuliza.

Jumatano, 19 Januari

Sitaki kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Walikuja asubuhi, jiko limeshawaka. Filimbi kwanza, kutoka kila upande. Halafu wanaume. Marungu, fimbo, nondo. Wengine nawajua. Mmoja tunaimba naye kwaya. Wagonjwa walioweza kukimbia walikimbilia majini, na huko wakasubiriwa na mitumbwi. Wakapigwa makasia ya vichwa.

Mama Koku alisimama mbele na kanga yake kiunoni. "Wanangu, hawa ni wagonjwa."

Kijana mmoja akamjibu, "Shikamoo, mama. Kaa pembeni." Alimwamkia kwanza. Kisha akapiga teke sufuria ya mikasi.

Walikuwa wanakagua ngozi. Wanamshika mtu, wanamchania shati, wanatafuta zambarau. Anayekutwa nayo anaburutwa. Waliwavunja wawili watatu mikono mbele yangu, juu ya jiwe, kama watu wanavyovunja kuni. Bandeji nilizofunga mimi zilitumika kuwafungia.

Kulwa hakuweza kukimbia. Doto aliweza, akabaki amemshika mkono. Baba mdogo alimkamata Doto taya, akampanua mdomo kama ng'ombe wa mnadani. Akasema, "Huyu mpaka ulimi."

Rungu la kwanza lilikuwa la baba mdogo. Liliingia mdomoni. Nilisikia meno.

Wengine wakafuata. Doto alikuwa anajaribu kusema kitu, na kila alipofungua mdomo walipiga hapo hapo. Kulwa akajirusha kutoka chini, akamng'ata baba mdogo mkono wa kulia, hakuachia. Wakampiga mgongoni. Wakampiga mbavuni. Wakampiga kwenye kidonda changu. Hakuachia mpaka nondo ilipomfika kichwani.

Nilipiga kelele. Nadhani nilisema, "Baba." Aligeuka, akaniona. Akageuka tena.

Doto walimsukumia majini na kumpiga mawe. Waliendelea hata alipokuwa ametulia.

Alhamisi, 20 Januari

Polisi wamekuja na kuondoka. Watu wamesema ni wananchi wenye hasira kali. Polisi wameandika hivyo. Mimi sikuulizwa.

Baba mdogo amefunga mkono kwa kitambaa. Nimemsongea ugali. Nimemsongea ugali mtu aliyeua, na nikampelekea, na nikapiga goti. Namchukia. Nikiwaza ada aliyonilipia namchukia zaidi.

Jumamosi, 22 Januari

Mama Koku amerudi jiweni. Jicho lake moja limefumba kabisa. Hakusema lolote kuhusu wale wenye mama zao.

Wamekuja wachache. Kulwa yu hai. Amelala kwenye ufa kati ya mawe, kichwa kimevimba, anapumua kwa shida kwa sababu ya mbavu. Doto amezikwa na manispaa, ndugu yake hakuwepo. Hakuna aliyejua pa kumpata.

Kidonda cha mguu kimerudi kulikokuwa. Kibaya kuliko mwanzo. Mfupa unaonekana tena. Nimekiosha kwa maji ya chumvi. Zamani alikuwa anakaza meno. Leo hakukaza chochote, alitazama juu tu.

Nilipofungua chupa ya jivii nilisita. Akasema, "Paka."

Jumanne, 25 Januari

Nyavu zimepatikana Misungwi. Watu wawili walikuwa wanaziuza kutoka kwenye lori, si wenyeji wa huku. Mikono yao haina rangi yoyote.

Baba mdogo ameisikia habari hii mwaloni. Amerudi, amekaa uani bila kuvua viatu. Mama mdogo alimwambia Mungu ni mwema, mali imerudi. Baba mdogo alimrushia kikombe. Kilimpata begani.

Mkono wake uliong'atwa umevimba mpaka kwenye kiwiko.

Alhamisi, 27 Januari

Mkono unanuka. Nyumba nzima inanuka. Ana homa, anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Hospitali hataki kwenda. Alama za meno zinaonekana wazi, juu na chini, mduara mzima. Daktari atauliza ni nani aliyemng'ata, na yuko wapi.

Mama mdogo ameniita jikoni. "Kamletee baba yako dawa kwa yule mama."

Nikasema, "Dawa iko jiweni."

Akanipiga kofi. Nikarudia, "Dawa iko jiweni, mama. Kila mtu anakuja mwenyewe."

Akanipiga tena. Sikulia. Sijui sauti ile ilitoka wapi.

Jumamosi, 29 Januari

Amekuja.

Alikuja peke yake, mkono ameufunika kwa koti. Watu walimwona tangu mbali. Wawili wakaondoka mbio, wamezoea. Waliobaki walisogeleana. Mmoja mwenye mkono uliovunjika alichukua jiwe, akakaa nalo mapajani.

Mama Koku akasema, "Foleni inaanzia kule."

Akaenda kule. Kulwa ndiye aliyekuwa wa mwisho, ameegemea jiwe. Baba mdogo akakaa karibu naye kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Hawakutazamana. Mama Koku aliendelea na wengine taratibu, hakuruka mtu. Nilifanya kazi bila kuona ninachofanya.

Zamu ilipofika, Kulwa alisema, "Aanze yeye. Ananinukia."

Mama Koku akapasua. Usaha ukatoka mwingi. Baba mdogo alilia, kweli alilia, na hakuna aliyecheka. Mama Koku akamchoma sindano. Akamwambia Jumatatu aende hospitali, akitaka kubaki na mkono. Kisha akanipa chupa ya jivii na pamba, akaenda kunawa. Nadhani alifanya makusudi.

Nikapaka. Alama ya jino moja moja. Kulwa alikuwa anatazama, yalikuwa meno yake. Nilipomaliza akasema polepole, "Mpake na mdomo."

Sikuelewa. Halafu nikaukumbuka mdomo wa Doto.

Nikachovya pamba. Baba mdogo akanidaka kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima. Ana nguvu hata akiwa na homa, mifupa yangu iliuma. Nilimtazama usoni. Sikumbuki kama niliwahi kumtazama hivyo. Pamba ikadondosha tone kwenye suruali yake. Yule mwenye jiwe alisimama.

Baba mdogo akaniachia. Akafumba macho.

Nikampaka mdomo wa juu, kisha wa chini. Nikafunga chupa.

Kulwa alitazama muda mrefu. Kisha akanyoosha mguu wake kwangu, nikaanza kuosha.

Baba mdogo hakusubiri giza. Alipita katikati ya soko, mbele ya wote wanaouza mapanki ya samaki.

Jumapili, 30 Januari

Sikwenda kanisani. Mvua imenyesha asubuhi, sasa kumetulia.

Filimbi imerudi kwenye msumari. Vijana wawili walikuja kumuulizia kamanda, mama mdogo akawaambia amelala. Alikuwa amekaa uani, wanamwona.

Homa imepungua. Mkono wa kulia haufai kwa kula, ameomba kijiko.  Nilipopeleka chai alisema, "Ahsante, Leah," na nikaona midomo bado ni ya zambarau. Kuna mahali amejisugua mpaka pamechubuka.

Nimeondoa vyombo. Kikombe chake kina alama ya zambarau ukingoni. Nimeosha vingine vyote.