Neno la Masagati Lililopotea Hewani

Mdogo wangu Masagati,

Nakuita kwa jina la kituo chako cha kazi kwa sababu ndilo nililozoea kulitamka. Jina lako la ubatizo nililisikia mara ya kwanza kwenye misa yako ya arobaini, katekista akilisoma, na hata leo likitajwa naona kama anatajwa mtu mwingine. Katika darasa letu hakukuwa na majina. Daktari aliyetufundisha alikuwa Ifakara, wewe ulikuwa Masagati, mimi Mngeta, na ole wake muuguzi ambaye angeanza kujitambulisha yeye na ukoo wake huku akimaliza betri ya redio.

Watu wengi wakisikia mafunzo kazini wanafikiria ukumbi, posho na chai ya saa nne. Yetu sisi yalikuwa redio ya upepo juu ya meza ya zahanati, betri ya gari chini ya meza, na waya umepitishwa dirishani hadi juu ya mkaratusi. Asubuhi, kabla benchi halijajaa wagonjwa, Ifakara aliita zahanati moja baada ya nyingine, kila mmoja akaitika, somo likaanza. Ukitaka kusema unabonyeza kitufe. Ukiwa umekibonyeza husikii mtu yeyote. Ukimaliza unasema "ova", unaachia, na mwenzako anapata nafasi. Nilikwishaona watu na vyeti vyao wakishindwa kuelewa jambo hilo dogo, wakabaki wanabonyeza wote kwa pamoja kama wake wenza wanaogombana.

Wewe ulikuwa nyuma ya milima. Sauti yako ilifika Ifakara imechakaa, inakwaruza kama dagaa kwenye kikaango, lakini kwangu ilifika safi. Ndiyo maana kila somo Daktari alisema, "Mngeta, niitie Masagati," nami nikakuita. Ulichosema nilikirudia, alichojibu nilikirudia. Nilikuwa mdomo wako na sikio lako. Sikuomba kazi hiyo, na siku za mwanzo ilinichosha.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa na sauti nzito, ya mtu mzima aliyezoea kuamuru, nami nikakuamkia, "Shikamoo Masagati." Ukaitika marahaba bila hata kusita. Miezi ikapita ndipo katika maongezi ikajitokeza kwamba mimi nilikuwa namaliza shule ya uuguzi wakati wewe ukiwa bado darasa la saba. Nikakwambia nirudishie shikamoo yangu. Ukasema, "Dada, marahaba ikishaitikiwa haitapikwi." Nilicheka mpaka wagonjwa wakachungulia mlangoni.

Na siku ile nilipofupisha swali lako. Uliuliza jambo refu kuhusu mtoto mwenye degedege, na mama yake, na bibi yake aliyekuwa anataka kumfukiza kwa moshi, nami nikaona Daktari hahitaji hayo yote. Nikampelekea mtoto na homa yake tu. Ulinisikia. Ulingoja nimalize, kisha ukasema taratibu, "Mngeta, mimi nimesema maneno mengi kuliko hayo. Usinipunguze. Nikitaka kupunguzwa nitaenda kwa fundi cherehani." Na kweli, ilibidi nirudi na bibi na moshi wake, maana Daktari alitufundisha asubuhi nzima namna ya kuzungumza na yule bibi bila kumvunjia heshima. Tangu siku hiyo nilikupeleka mzimamzima, na vikohozi vyako.

Habari ya ujauzito wako nayo ilipitia kwangu. Ulibonyeza ukasema, "Muulize Ifakara, kuna mama hapa ana mimba, na katika mimba zilizotangulia alivuja damu nyingi baada ya kujifungua. Ashauriwe nini?" Nikauliza. Daktari akajibu asijifungulie zahanati, ateremke mapema akangoje karibu na hospitali. Kisha akauliza kama mama huyo anahudhuria kliniki. Nikakurushia. Ukasema, "Anahudhuria kila siku. Ndiye mwenye funguo za zahanati." Nilimfikishia Daktari hivyohivyo, neno kwa neno, nikamsikia akicheka, kisha akiwa mkali. Ukamwahidi utateremka.

Tukapanga yetu. Awamu ya kwanza ya mafunzo ilikuwa inaisha na cheti chake tulitakiwa kukifuata Ifakara. Ungeshuka mpaka Mlimba, upande treni, nami ningekusubiri stesheni ya Ifakara nikupeleke kwa shangazi yangu Kibaoni, ukae hapo mpaka siku zako zitimie. Hatukuwahi kuonana. Nilikuuliza nitakujuaje stesheni, ukasema, "Fumba macho, niachie niongee." Nilikuwa nimeshakununulia khanga. Ninayo mpaka leo, sijaikata wala sijamgawia mtu.

Lakini mvua ya mwaka ule haikumwuliza mtu ratiba yake. Bonde lote likawa maji, barabara ya kwenu ikakatika, na mtoto naye akaamua kuwahi.

Ilikuwa asubuhi ya darasa. Ifakara alikuwa anaita zahanati, ikafika zamu yako, nikakuita. Ulikawia. Kisha ukasema kwa sauti yako ileile ya kuamuru, "Mngeta, Masagati hapa. Leo mgonjwa ni mimi. Mtoto ametoka, wa kike, analia vizuri. Kondo la nyuma limetoka. Damu haikatiki. Ova." Ndiyo maneno niliyoyabeba kupeleka Ifakara. Hakuna zahanati iliyobonyeza.

Redio ulikuwa umeivuta hadi chumba cha kujifungulia, tulijua hivyo, maana ulikuwa na tabia ya kusikiliza somo huku unazalisha. Aliyekuwa na wewe ni bibi mmoja mkunga wa jadi wa kijijini kwenu, ambaye ulimfundisha mwenyewe, jioni baada ya kazi, kila tulichofundishwa sisi asubuhi. Daktari alisema, nikasema, nawe ukamwambia bibi kwa Kindamba, lugha yao. Kandeni tumbo, msiache. Mtoto awekwe titi. Mkojo utoke. Sindano. Dripu. Kila nililokuletea ulijibu, "Imeshafanyika, dada." Hukuwa unahitaji kufundishwa. Nadhani ulitaka sauti za watu tu. Gari la wagonjwa lilishaondoka Ifakara, na sote tuliokuwa kwenye redio tulijua mto utalisimamisha.

Wakati fulani ukaniambia, "Mganga hajigangi, Mngeta," na ukacheka kidogo. Hilo sikulipeleka Ifakara. Lilikuwa langu.

Halafu Daktari akasema kitu kirefu. Alitaka bibi aubane mfuko wa uzazi kwa mikono miwili, mmoja ndani, mwingine juu ya tumbo, na alieleza hatua kwa hatua, na mimi nikabonyeza nikaanza kukuletea polepole, ili bibi asikosee. Nilisema yote. Nilisema ova. Nikaachia kitufe. Na nilipoachia nilikukuta wewe ukiwa katikati ya kusema, tena mwishoni mwa kusema, maana nilichosikia ni "ova" yako peke yake, ndogo, ya mtu aliyechoka. Ulikuwa unazungumza nilipokuwa nazungumza. Nikasema, "Masagati, rudia. Masagati, sikukupata, rudia." Nilirudia kusema rudia mpaka Daktari mwenyewe akaniambia, "Mngeta, pumzika sasa."

Mdogo wangu, ulisema nini?

Hilo tu ndilo ninalotaka. Sijutii lolote la asubuhi ile; ningekaa kimya bibi asingejua pa kuweka mikono, na Daktari alishaniambia hivyo, na mimi mwenyewe ndivyo ningemwambia mwanafunzi wangu. Lakini kujua hivyo hakunisaidii usingizi. Nimekuwa nikibeba maneno yako yote, ya moshi, ya degedege, ya utani, sikudondosha hata moja tangu siku ya fundi cherehani. Likanipita la mwisho.

Maji yalipopungua nilipanda kwenu. Nilifika kwenye arobaini. Mumeo alinipokea vizuri, akanikaribisha ugali na mboga, akanipa mtoto nimpakate. Kisha akanionyesha picha yako. Nikaishika. Nilitazama yule mwanamke mwembamba, mwenye kovu dogo juu ya jicho, anayetabasamu amefunga midomo, na sikukufahamu. Hakufanana na sauti yake hata kidogo. Niliona aibu, nikasema, "Ndiye kabisa," nikamrudishia. Tangu hapo unanijia ndotoni na uso wa mtu mwingine, kila mara mtu mwingine, na huwa nakutambua pale tu unapofungua kinywa. Na ukifungua kinywa naamka.

Nilimwuliza bibi mkunga. Tulikaa naye jikoni, nikamwambia shida yangu. Alifikiri sana, nilimwona anatafuta kwa haki. Akasema, "Mwanangu, alisema neno, ni kweli. Alijivuta akashika kile kidude chenu akasema. Lakini mimi nilikuwa namkanda, mtoto analia, na kelele za sanduku lenu zilikuwa bado zimenijaa masikioni. Sikumsikiliza, kwa sababu nilijua hasemi na mimi. Anasema na wewe."

Basi hakuna anayejua. Mumeo alikuwa ng'ambo ya mto akitafuta watu wa kukubeba. Neno limetoka, limeingia hewani, na hewani hakuna mtu aliyekuwa ameacha sikio wazi.

Nimejaribu kukubunia. Nikiwa nachemsha vyombo vya sindano nakuwekea maneno kinywani. Mara unaniambia nimtunze mtoto. Mara unasema asante dada. Mara unaniambia ninyamaze, nakupigia kelele. Hilo la mwisho ndilo linalofanana nawe zaidi, nami nacheka peke yangu, halafu najichukia kwa kucheka. Siku moja nilishawishika kumwambia mumeo kwamba ulimuaga kwa jina lake. Angefarijika, na nani angenibishia? Nilifungua kinywa nikakifunga. Ulinikataza kukupunguza, sidhani kama uliniruhusu kukuongeza.

Kilichonitesha zaidi ni wito. Hukuondolewa kwenye darasa mpaka alipopatikana muuguzi mwingine, kwa hiyo kila asubuhi ya somo Ifakara aliendelea, "Mngeta, niitie Masagati," kwa kuwa ndio utaratibu, na kila mara alijikuta ameshasema ndipo akakumbuka. Nami niliita. Ningeweza kukataa. Niliita, nikaachia kitufe, nikausikiliza ule mvumo mtupu wa redio. Wagonjwa wangu walianza kusema nesi wa Mngeta anazungumza na mizimu. Sikuwabishia, kwa sababu sikuwa na hakika.

Kisha asubuhi moja nikaita, na Masagati ikajibu.

"Mngeta, Masagati hapa. Shikamoo." Sauti ya msichana, nyembamba, yenye haraka. Niliweka ile maiki mezani nikatoka nje, nikasimama kwenye jua. Niliporudi alikuwa bado anaita, anadhani amekosea kubonyeza. Nikamwitikia marahaba. Sikumpenda. Nakwambia ukweli, kwa miezi mingi sikumpenda. Alikuwa amekaa kwenye kiti chako akitumia jina lako, na mimi nikabeba maswali yake kama mtu anayebeba mzigo wa jirani aliyegombana naye. Maswali yake mazuri. Ananieleza pia habari za mtoto wako bila kuombwa: amekaa, ametambaa, amesimama, amemng'ata katekista.

Wiki hii Daktari amenipa kazi. Mafunzo mapya yanaanza, wauguzi wapya, na somo la damu baada ya kujifungua ameniambia nilifundishe mimi, kwa sababu, amesema, hakuna anayelijua kama mimi. Nilitaka kukataa. Kisha nikamfikiria yule muuguzi msichana aliyeko nyuma ya milima, peke yake na funguo zake, na yule bibi mkunga ambaye mikono yake imeshazeeka. Nimekubali.

Nimeshaanza kufundisha, nao wamenilalamikia tayari. Wanasema Mngeta anachelewesha darasa, anamaliza betri. Ni kwa sababu nasema kidogo tu, sentensi moja au mbili, kisha naachia kitufe na kungoja. Hata kama hakuna aliyeomba nafasi, nangoja. Daktari ameniuliza nangoja nini, nikamjibu kuwa huenda kuna mtu anasema.

Lala salama huko uliko, mdogo wangu.

Ni mimi dada yako,
Mngeta.