Kadi za Saa Tano na Kadi za Saa Kumi

Durban, 19 Novemba 1998

...na simu ikakatika, dada Sesilia, kabla sijakujibu kwa nini tulifunga ndoa siku ileile ya uchaguzi. Basi nakujibu kwa kalamu. Lakini kwanza, hujambo? Shemeji na watoto huko Pretoria wanaendeleaje? Kifua chako kimepona? Mimi ni mzima kupita kiasi. Nimekuwa mke wa mtu! Kila asubuhi Dominiki wangu ananiletea chai kitandani, nami najifanya bado nimelala ili aniite tena jina langu.

Unamkumbuka Papa Léonce, mkuu wa chama chetu cha watu wa Kivu, yule tunayemwita Gavana. Binti ambaye wazazi wake wamebaki nyumbani, Gavana ndiye humsimamia kama baba. Mwezi wa tano tulikwenda kumwomba. Mbele ya mkutano mzima alisema hawezi kumtoa binti wa Kivu kwa Mtanzania fundi wa redio, na kwamba ningemkubali mdogo wake nisingehangaika kuomba. Akamalizia kwamba nitafunga ndoa mbele ya viti vitupu. Watu walicheka, dada. Dominiki aliinamisha kichwa. Kichwa kile kilichoinama sikukisahau hata siku moja.

Uchaguzi wa Gavana ulipangwa Jumamosi tarehe saba, saa sita hadi saa nane mchana, ukumbini Glenwood. Mpinzani wake, Mama Joséphine, ana watu wake thelathini hivi, hawapungui wala hawaongezeki. Léonce mara iliyopita alipata kura hamsini na nane: wanawake wa saluni, kwaya, na vijana wa maduka ya simu. Kila mtu alisema ameshapita.

Nilianza na vijana. Nilimwambia Papy, anayeuza simu jirani na saluni yetu mjini, kwamba mwenye ulimi kama wake ni aibu kumpigia mzee kura. Akagombea. Léonce alimcheka hadi machozi, akamwita Gavana wa chaja.

Matokeo yalisomwa saa tisa. Katika wanachama mia moja na arobaini, walipiga kura sabini na wanne tu. Mama Joséphine thelathini na moja, Léonce ishirini na saba, Papy kumi na sita. Kwetu mwenye kura nyingi ndiye mshindi, hata asipofika nusu. Eish, dada! Wanasema Léonce aliomba zihesabiwe mara tatu, na kila alipouliza kwaya iko wapi, alijibiwa kwamba iko harusini, kule mbali Queensburgh.

Sasa nikuungamie, na Dominiki asisikie. Yeye anaamini nilichagua tarehe saba kwa sababu ndiyo siku tuliyokutana, taa za robot pale njia panda zikiwa nyekundu, akanibebea mfuko. Ni kweli tulikutana tarehe saba. Lakini kadi niliziandika kwa mkono wangu, za aina mbili. Wanawake wa saluni na kwaya: saa tano, kanisani. Watu wa Mama Joséphine: saa kumi, chakula. Hakuna aliyelinganisha, maana kambi hizo mbili hazisalimiani. Kisha nikamwomba pasta asiharakishe mahubiri. Hakuharakisha. Mzee Pascal wa kwaya, mpiga kura wa Léonce tangu zamani, ndiye aliyenishika mkono kuniingiza, na kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama ukutani.

Sijutii hata kidogo. Hata Léonce mwenyewe nilimpelekea kadi, ya saa tano, na nikamwekea kiti mstari wa mbele chenye jina lake. Hakuna aliyethubutu kukikalia. Katika harusi yangu nzima kiti kitupu kilikuwa kimoja tu, nami nilimwambia mpiga picha akipige vizuri.

Mama Joséphine anakusalimu, siku hizi tunamwita Gavana. Mbusu kila mtoto kwa niaba yangu. Kabla mwezi huu haujaisha tutapanda basi, mimi na mume wangu, tuje tulale kwako siku mbili. Picha nitakuja nayo. Mtu akikuuliza kile kiti ni cha nani, mwambie ni cha baba.

Mdogo wako mwenye furaha,
Laurette