Tabaka la Tatu

Quillpampa, juu ya Huancayo
Februari 9, 1998

Baba yangu mpendwa, Don Teófilo,

Shikamoo, Baba. Kifua chako kinaendeleaje? Usinijibu kwamba ni kizima kama unavyomjibu daktari, maana shangazi Fausta ameshaniandikia kwamba unakohoa kila asubuhi na bado unatoka bila sweta kupogoa mizabibu ya watu. Mimi sijambo. Mvua ya mwaka huu imetia fora, na nusu ya viazi vya shamba la marehemu mama vimeozea ardhini. Nisalimie shangazi. Jibini yake nimeituma kwa basi la Ijumaa.

Sasa kaa chini, Baba. Umekaa? Limeonekana! Tabaka la tatu la hewa yenye umeme huko angani limeonekana, tena huko Brazili, na wataalamu wazito wameliandika kwenye jarida pamoja na michoro yake.

Ilikuwa hivi. Bosi wetu mpya, injinia Ormeño, binti wa Arequipa asiyejua kutembea polepole, alirudi kutoka Lima na jarida kwapani. Hata koti la mvua hakulivua. Alinikuta mezani nasoma filamu za Januari, akanifungulia ukurasa na kuniuliza kama nimewahi kuona kitu cha namna hii. Nikatazama: kulabu mbili za mwangwi wa mawimbi ya redio tunayorusha angani, zile tulizozizoea za matabaka mawili ya juu, na pale juu yake, mahali ambapo mashine yetu ilitakiwa isirudishiwe chochote, kulabu ndogo ya tatu. Nikamwambia kwamba baba yangu aliiona miaka thelathini na mitatu iliyopita, hapa hapa, akachekwa mpaka akauhama mji.

Alidhani namtania. Nilimvuta mkono hadi stoo, tukapekua makopo ya filamu yaliyojaa vumbi mpaka nikalipata la Januari 1965, lenye mwandiko wako ubavuni. Fomu yako ya usomaji ilikuwamo. Baba, nilikuwa nimesahau kwamba kwa vile fomu ilikuwa na nafasi ya matabaka mawili tu, wewe ulichukua rula na kalamu ukajichorea safu ya tatu pembeni! Tarehe kumi na tisa, saa nne na robo asubuhi, urefu umeandikwa, masafa ya redio yameandikwa. Injinia alipiga yowe: “Mama yangu! Huyu mzee alikuwa na macho au darubini?”

Kwa yowe lile, Hilario wa jenereta alikuja mbio akidhani mtu kapigwa na umeme. Unamkumbuka Hilario, yeye ndiye aliyekubandika jina la Mzee Ghorofa ya Tatu, na kila mchana akikuuliza kama huko juu kuna chumba cha kupanga. Alipoelezwa alivua kofia, akaikunja, akaikunjua, akasema, “Basi mjinga wa ghorofa ya chini ni mimi.” Ameapa kwamba siku ukikanyaga hapa atakuchimbia kwa mikono yake shimo la pachamanca, la kuivisha nyama kwa mawe ya moto, na nyama atachagua yeye. Nikamwambia asisahau maharage mabichi, maana wewe bila hayo huhesabu kuwa umekula.

Injinia ametueleza pia sababu yake. Anasema sisi tumekaa chini ya ikweta ya sumaku ya dunia, na hapa nguvu ya umeme wa angani huliinua tabaka la juu tangu asubuhi. Likishapanda sana, jingine huumbika chini yake, na hadi karibu na adhuhuri yanaonekana yote matatu. Nikacheka kwa furaha, maana wewe ulikuwa ukisema mbingu ya huku inaumuka kama unga wenye hamira, nasi tukakuona mpishi.

Lakini baada ya furaha injinia aliinua filamu kwenye taa. Filamu yenyewe imeliwa na ukungu, na kulabu ya tatu imebaki kipande ambacho mtu mbishi atakiita doa. Kwa hiyo ushahidi ni fomu, na fomu, kama ujuavyo sheria yetu, ni mbili: kila filamu husomwa na watu wawili wasioonyeshana. Fomu ya pili ipo. Imeandikwa kwa wino mzuri: matabaka mawili, hakuna zaidi. Ni kwa fomu hiyo marehemu injinia Barrientos, bosi wa wakati ule, alikuondoa mezani kwa kisingizio kwamba macho yako yamechoka, akakupa panga la kufyekea majani na kondoo wa kuchunga. Msomaji wa pili hakuandika jina, ila namba yake ya siri tu, saba. Injinia Ormeño akasema bila huyo namba saba kukana alichoandika, usomaji wako hautasimama mbele ya watu.

Siku zote uliamini namba saba alikuwa yule mpwa wa Barrientos kutoka Lima. Hakuwa yeye, Baba. Nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, na mwezi mmoja tu mezani, kwa ufundi ulionifundisha wewe. Barrientos aliniita, akanipa kopo bila kusema ni la nani, ingawa mwandiko wako ulikuwa ubavuni, akasema nafasi ya kudumu iko wazi, lakini nyumba yenye watu wawili wanaoona mizimu itafukuzwa yote getini. Niliiona, Baba. Sikuhitaji hata kioo cha kukuzia. Nikaandika mbili. Jioni ile uliniuliza huyo namba saba ana macho kweli, nami nikakupakulia supu nikasema labda hana.

Jana nimemwambia injinia yote. Nimeandika taarifa, nimetia sahihi kwa jina langu kamili, Hilario akawa shahidi. Alikuwa akilia kuliko mimi. Injinia aliniuliza kama najua kwamba mtu aliyeghushi usomaji hawezi kubaki mkuu wa meza ya kusomea filamu. Nikamjibu najua, na funguo nikaziweka mbele yake. Makala inakwenda Lima Jumatatu, na jina la kwanza ni Teófilo Canchanya.

Kwa hilo nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, na aibu yangu haikuweza kuizuia. Jumamosi nitapanda basi la kuja Chincha. Barua hii nimeitanguliza makusudi, ili suala la mlango uliamue mwenyewe kabla sijagonga. Ukinifungulia, niulize tena lile swali la siku ya supu. Namba saba alikuwa na macho, Baba. Alichokosa ni moyo.

Salamu kwa shangazi na kwa majirani wote wanaokuuliza habari za milimani. Vaa sweta.

Ni mimi binti yako,
Zósima