Neno Nililomfundisha Mzee Harold

Chimène. Nimejifungia kwenye choo ya stade, uwanja wa besiboli, hapa Buffalo. Haya imenimaliza.

Mzee Harold, ule niko natunza kule Kenmore, ule wa kuongea peke yake mbele ya televisheni isiyo na sauti. Kumbe hana wazimu, dada! Alikuwa mtangazaji wa besiboli kwenye redio. Louisville, Columbus, kisha hapa!

Tumeingia tu, watu wakasimama. Mwanaume mzima analia, anamwambia, "Baba yangu alikuwa anazima taa ili akusikilize vizuri."

Na sisi tulisema ana pepo! Unakumbuka? Mimi mkono juu ya kichwa chake, wewe kwenye simu unaitikia amina, na mimi napiga kelele: "Toka! Tokaaa!"

Bon, leo wamempa mikro atangaze kidogo kama zamani. Kijana wa Buffalo akapiga mpira, ukapaa, ukapita ukuta, ukatoka nje kabisa, kwao hakuna pigo kubwa kama hilo. Na mzee wangu, stade nzima ikisikia: "TOKAAA!"

Tokaaa, Chimène. Ile yetu ya kufukuza pepo.

Wakamuuliza ni lugha gani. Akaninyooshea kidole: "Ni Grâce alinifundisha. Tangu mke wangu afe, ni yeye tu anatangaza na mimi."

Donc siku zile zote mimi nilikuwa nafukuza shetani, yeye alifikiri tunatangaza mechi wawili.

Sasa yuko hapa nje ya mlango, kwenye kiti chake cha magurudumu, ananingoja. Natoka na uso gani?