Kuwekwa Katikati

Jumatatu, 29 Agosti 1994

Mwaka wa tatu unaelekea kuisha tangu nitoke nyumbani, Bungoma. Bado Kware. Bado mjengo. Leo tumepandisha mawe mpaka orofa ya nne. Mashine hakuna, mashine ni sisi. Nyapara anataka paa liwe juu kabla ya mvua, basi anatupigia kelele kama vile mvua ni ndugu yetu na tungeweza kumwambia angoje.

Bega la kulia limevimba tena. Ndilo bega la bendera. Jana kanisa letu liliandamana kutoka hapa mpaka Komarock, kanzu nyeupe, vilemba, ngoma, na mimi mbele na bendera. Vijana waliokaa kwenye kibanda cha viatu walipiga kelele: “Jeshi la vilemba hilo! Kushoto, kulia!” Wazee hawakugeuka. Mimi niligeuka kidogo.

Nina miaka ishirini na mitatu. Shule niliacha kidato cha kwanza. Najua kusoma, kuandika na kubeba. Hapa Nairobi wamenitaka kwa kubeba tu.

Jumatano, 31 Agosti

Mtaro wa maji taka umeporomoka. Mutua alikuwa ndani.

Mutua ni Mkamba wa Machakos, tunakaa naye chumba kimoja. Ni mchongaji wa vinyago. Wanunuzi wakikosekana anakuja mjengo. Udongo ulimfunika mpaka shingoni. Kisha ukamfunika kichwa.

Sisi tuliruka ovyo kama kuku. Kila mtu na koleo lake, kila mtu akikanyaga ukingo, udongo zaidi ukiingia. Mimi pia. Nilikuwa nikiita jina lake na kumzika kwa wakati mmoja.

Lori la jeshi lilikuwa likipita. Koplo mmoja aliruka chini. “Nyuma! Nyuma wote! Mnamuua mwenzenu!” Akasimamisha mbao kwenye kingo. Akachagua wanne, mimi mmoja wao, tukachimba kwa mikono, kwa zamu, bila kusema. Mutua alitoka akiwa hai. Mguu umevunjika, mdomo umejaa tope, anatukana kwa Kikamba. Koplo akanawa mikono kwenye pipa letu, akarudi kwenye lori. Hakungoja hata kushukuriwa.

Nimeona aibu. Nina nguvu kuliko yule mtu. Lakini nguvu zangu hazikuwa na akili.

Redio ya kibandani imetangaza kwamba jeshi litachukua kuruti tarehe kumi na sita mwezi ujao, uwanjani upande wa Makadara. Nitaenda. Nataka kufundishwa kile alichofundishwa.

Ijumaa, 2 Septemba

Ijumaa kwetu ni siku ya kuungama. Leo nilisimama nikasema: nataka kuingia jeshi.

Petero, mpiga ngoma wetu, akaiacha ngoma yake ikaanguka.

Mwanzilishi wa kanisa letu aliacha neno, kila mtoto wetu analijua: mkono unaobeba bendera haubebi bunduki. Mimi ndiye mkono wenyewe. Niliichukua bendera mwaka niliofika, kwa kuwa nilikuwa mrefu na sikuwa na mtu hapa mjini. Kanisa lilinipa watu.

Mama Dorika, ambaye ndiye mwangalizi wetu, hakukasirika. Alisema jambo zito huwekwa katikati. Basi nimewekwa katikati. Maana yake ni hii. Ijumaa ya kwanza unasema neno lako. Ijumaa ya pili unasimama bila viatu, watu wanakuzunguka, na kila mwenye kitu moyoni anakuambia usoni. Hujibu. Ijumaa ya tatu ndiyo unajibu. Katikati ya hapo mtu yeyote akikushutumu juu ya jambo hilo, awe wa kanisani au wa nje, unafunga mdomo. Na kila Ijumaa tangu alfajiri unakwenda peku.

Nimehesabu kwenye kalenda ya duka. Ijumaa ya tatu ni siku ileile ya kuruti. Asubuhi uwanjani, jioni kanisani. Sikupenda, lakini ndivyo ilivyo.

Jumapili, 4 Septemba

Tumeandamana. Bendera nimebeba mimi. Hakuna aliyenizuia. Hakuna aliyeniambia mulembe pia, na hiyo ndiyo salamu yetu, ya amani. Mulembe haijawahi kunipita kushoto na kulia namna hii.

Jumanne, 6 Septemba

Nyapara amesikia. “Wewe na kilemba chako? Utawapigia adui tarumbeta?” Mafundi wote wakacheka. Sikujibu. Akadhani namdharau, akanipeleka kwenye saruji siku nzima. Kifua kinawaka.

Kufunga mdomo ni kazi ngumu kuliko saruji.

Ijumaa, 9 Septemba

Nimezungukwa.

Mzee Yohana, anayeshona kanzu zetu: “Nitakushonea nini ukirudi? Nguo nyeupe inaonyesha kila doa.”

Mjane mmoja wa Kakamega, mwanawe alipigwa na watu wenye sare mwaka juzi wakati wa fujo mjini. Akauliza: “Siku ile ungekuwa wewe, ungempiga mwanangu?” Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Nilitaka sana kumjibu. Nilijiuma ulimi kweli, nikaonja damu.

Petero: “Unakimbia mjengo, usitudanganye na habari za Mutua. Unataka viatu vya bure na nyama ya kila siku.” Watu wakacheka. Hata Mama Dorika alificha mdomo kwa kitambaa. Petero amesema kweli nusu. Nataka nyama. Nimechoka na mawe. Siandiki hapa ili nijidanganye.

Lakini ile nusu nyingine ni yangu, na hakuitaja.

Jumanne, 13 Septemba

Nimemwona Mutua hospitalini. Mguu umefungwa plasta mpaka pajani. Ameshaanza kuchonga kijiti kwa wembe, muuguzi amemnyang’anya.

“Niaje, afande?”

Nikamwambia bado si afande, na sitakiwi kubishana.

“Weh! Basi leo nitasema yote.” Akasema yote kweli. Kwamba nakoroma. Kwamba ugali wangu una madonge. Kisha akasema babu yake alipigana vita vya wazungu, akarudi na medali, na hakuwahi tena kumchinja hata kuku. Watu wengine walimchinjia. “Siwezi kukwambia uende au usiende. Nakwambia tu, kuna kitu utarudi nacho. Ujue mapema utakiweka wapi.”

Nimetembea mpaka nyumbani na maneno hayo. Nikaomba. Sikusikia sauti yoyote. Nikaomba tena, nikapata kitu kama njia ya miguu, si barabara. Nimeanza kujua nitakavyojibu.

Ijumaa, 16 Septemba

Wamenichukua.

Sina furaha. Nimetoka kanisani sasa hivi. Nitaandika kesho.

Jumamosi, 17 Septemba

Leo nimeomba ruhusa ya asubuhi. Naandika nikiwa nimekaa mlangoni, jua linanipiga miguu. Nyayo zimechanika.

Jana nilifika uwanjani mapema, peku kwa ajili ya Ijumaa. Hakuna aliyeshangaa, maana kila mtu aliamriwa avue viatu akimbie. Nilikimbia vizuri. Miguu ya mjengo haijui kuchoka. Meno yakaangaliwa, macho, kifua, mgongo. Wengi wakarudishwa.

Kisha tukaambiwa tutembee mwendo wa gwaride. Hapo niliharibu. Sajenti aliita “Mbele tembea!” na mimi nikatembea ninavyojua, mwendo wetu wa Jumapili, ule wa kuruka kidogo kwenye mguu wa kulia ngoma inapolia. Uwanja mzima ukaangua kicheko. “Nani huyu anacheza harusi?” Sajenti alinijia, mtu mfupi, sauti ya kupasua bati. Akanitoa mbele. Akauliza natoka kanisa gani. Nikamwambia, hilo halikuwa shutuma. Akasema anawajua watu wa vilemba, kwao kijijini wako. “Waoga. Mkiona damu mnapiga magoti.” Akaja karibu mpaka nikasikia vitunguu alivyokula. “Ukiamriwa upige risasi, utapiga? Au utaimba?”

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni tayari. Lakini Ijumaa ya tatu ilikuwa haijafika jioni, na yeye alikuwa ananishutumu juu ya jambo lililowekwa katikati. Nikafunga mdomo. Nikasimama wima, nikatazama mbele.

Akanitukana, mama yangu na wa mama yangu. Nikasimama.

Mwishowe akamgeukia kapteni aliyekaa mezani. “Huyu ana nidhamu, afande. Nimemchokoza kama nyuki, hakutikisika.” Kapteni akaandika. Nikapigwa muhuri mkononi. Waliobaki wakanipigia makofi, hata walioniita mcheza harusi.

Nilijua palepale kuwa nimepita kwa kitu kisicho changu. Walidhani kimya changu ni ndiyo. Hakikuwa ndiyo. Hakikuwa chochote.

Jioni nilijibu kanisani. Sikuwa na maneno mengi. Nilisema sioni dhambi katika kusimama mbele ya mtu ili asiumizwe. Naiona dhambi katika kupenda kuumiza. Nikiona nimeanza kupenda, nitatoka huko, nije hapa niungame. Nikamgeukia yule mjane. Nikamwambia: mtu mwenye mikono mitupu sitampiga, hata nikiamriwa, na adhabu yake nitaibeba mimi. Alilia. Hakusema kama amekubali.

Kisha nikawaambia habari za uwanjani.

Mama Dorika alisikiliza mpaka mwisho. “Kumbe umetujibu sisi tu,” akasema. “Aliyekuuliza leo mchana bado hajajibiwa.”

Petero akasema mtu akishapita mlango harudi kuugonga. “Watakufukuza, mjinga wewe.” Na alisema kwa huruma. Mara ya kwanza Petero kunihurumia.

Jumatatu tunarudi kuchukua barua za kuripoti. Ninaweza kuichukua tu na kwenda zangu.

Jumapili, 18 Septemba

Nimeambiwa nisibebe bendera. Petero amebeba. Ni mzito wa mwendo, bendera ilikuwa ikimlalia usoni. Mimi nimeandamana nyuma, na akina mama na watoto. Mikono sikujua niiweke wapi.

Imeniuma. Nimeimba hata hivyo.

Jana usiku nilikuwa nimeamua kuchukua barua na kunyamaza. Leo asubuhi nimebadili. Nikianza kwa kunyamaza, nitanyamaza na kule, siku ambayo kunyamaza kutamuua mtu. Kesho nitasema.

Jumatatu, 19 Septemba

Nimesema.

Foleni ilikuwa ndefu. Nilipofika mezani, kapteni alinipa barua bila kunitazama. Sikuipokea. Nikasema, “Afande, Ijumaa niliulizwa swali na sajenti. Sikujibu. Naomba kujibu.”

Walio nyuma wakanguruma. “Chukua barua, bwana!” “Huyu ndiye wa harusi!” Sajenti akaja mbio.

Nikasema nilivyosema kanisani. Nitapiga kumlinda aliye nyuma yangu. Mwenye mikono mitupu sitampiga. Na nikaeleza kwa nini nilinyamaza, kwamba haikuwa nidhamu yao, ilikuwa ya kanisa.

Sajenti alicheka kwanza. Kisha akakasirika, nadhani kwa sababu alinisifu mbele ya watu. Kapteni hakucheka wala hakukasirika. Akaniambia nikasimame pale kando ya mlingoti. Akaendelea na foleni.

Nilisimama asubuhi yote. Jua la Makadara halina huruma. Wenzangu walipita na barua zao, wengine wakinionyesha kidole kichwani, kwamba nimerukwa na akili. Mmoja aliniachia nusu ya mkate. Niliwaza juu ya orofa ya nne na mawe yaliyobaki. Niliogopa. Lakini tumbo lilikuwa limetulia, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Foleni ilipokwisha kapteni aliniita.

“Jeshini hakuna Ijumaa ya tatu. Ukiulizwa unajibu wakati uleule.”

“Ndiyo, afande.”

“Hiyo ya mikono mitupu nimeiandika kwenye karatasi zako, kama ulivyoisema. Mwingine ataisoma. Labda atakurudisha. Labda utanyimwa cheo. Usije ukasema nilikutega.”

“Ndiyo, afande.”

“Na ule mwendo wako utauacha getini.”

Sajenti hapo akacheka tena, safari hii vizuri. Nikapewa barua. Naripoti wiki ijayo. Hakuna aliyeniahidi kitu. Sijui kama ningetaka waniahidi.

Alhamisi, 22 Septemba

Nyapara hakuniaga kwa maneno. Alinipa kazi nyepesi leo, kuchunga lango. Kwake hiyo ni hotuba.

Mutua ametoka hospitali kwa magongo. Chumba ni chake sasa. Amesema atalala katikati ya kitanda.

Jumapili, 25 Septemba

Nimeandamana mara ya mwisho, nyuma. Mvua ilitupata Komarock, tukaendelea kuimba. Yule mjane alikuwa kando yangu. Tulipovuka barabara alinishika mkono kama unavyomshika mtoto, tukavuka, akauachilia.

Baada ya ibada Mama Dorika aliniambia habari ya bendera haijafungwa wala kufunguliwa. Nikirudi nitawekwa katikati upya, niulizwe nimefanya nini na mikono hii. Nimekubali. Ni haki.

Mzee Yohana amenipima mabega na urefu. Hakusema anashona nini.

Nguo zangu zimeingia kwenye mfuko mmoja. Chumba kimefagiliwa. Nimemwandikia mama kwamba sitakuja Krismasi, asiningoje barabarani.

Kesho asubuhi naripoti. Wanasema mafunzo ni miezi tisa, kisha ruhusa. Basi nitakuwa nyumbani mwezi wa saba, mahindi ya kwanza yakianza kuchomwa.